Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani: anayemwona mnyama mgonjwa kwanza asiumizwe kwa kusema

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Salamu nyingi, na pole kwa majukumu. Mimi ni daktari wa mifugo. Sina cheo cha kunifikisha mezani kwako, ndiyo maana nakuandikia hadharani, nikijua kwamba wapo wengi wa kazi yangu watakaoisoma barua hii na kukuta humo maneno wanayoyasema kila siku wakiwa zizini.

Ombi langu ni moja. Magonjwa yanayovuka kutoka kwa wanyama kuja kwa binadamu mara nyingi huonwa kwanza na mtu wa kawaida: mfugaji, mkamuaji, mchungaji, mchinjaji, mlishaji wa wanyama. Mtu huyo akisema alichokiona, anapoteza. Mifugo yake inauawa na kufukiwa, soko linafungwa, majirani wanamnunia, na fidia, kama ipo, inakuja miezi ikishapita. Akinyamaza, anaweza kuwauza wale ambao bado wamesimama na kuokoa alau kidogo. Naomba shirika lako litumie kila uwezo lilio nao ili katika kila nchi mwanachama kusema kumgharimu mtu huyo kidogo kuliko kunyamaza. Maabara, mashine za kusoma vinasaba, mikutano ya dharura, vyote hivyo havianzi kazi mpaka mtu huyo afungue kinywa.

Niruhusu nikupeleke zizini kwanza, kwa sababu nyaraka nyingi hutaja mgusano wa binadamu na wanyama bila kueleza mgusano wenyewe ukoje. Mbuzi anatupa mimba usiku. Mwenye mbuzi anapiga magoti, anaingiza mkono mtupu mpaka karibu na kiwiko, anamvuta mtoto aliyekwisha kufa, kisha anahangaika na kondo lililokataa kutoka. Maji ya uzazi yanamrukia usoni na midomoni. Anajifuta kwa nyasi kavu, anambeba yule mama kumweka pembeni, na mbwa anakuja kuliburuta kondo hadi mlangoni. Kama mbuzi yule ana brusela, au homa ya Q, au Homa ya Bonde la Ufa, basi kondo na maji yale yamejaa vimelea, na njia ziko wazi: mchubuko wa kidoleni, utando wa jicho, pumzi. Bakteria wa homa ya Q wana ugumu wa ajabu. Majimaji yakikauka, wao hubaki wazima ndani ya vumbi, na upepo huwachukua hadi kwa mtu ambaye hajawahi kumgusa mbuzi maishani mwake. Majuma mawili au matatu baadaye mfugaji anapata homa, jasho jingi na maumivu ya viungo. Anakwenda kliniki, anapewa dawa ya homa, anarudi nyumbani. Hakuna aliyemuuliza habari za mbuzi.

Njia nyingine unazijua, nami sitazimaliza hapa. Mate ya mbwa mwenye kichaa yakiingia jerahani, virusi hupanda polepole kwa njia ya neva hadi kwenye ubongo, na dalili zikishaanza mtu karibu hana nafasi ya kupona. Takribani watu 59,000 hufa hivyo kila mwaka, na katika kila vifo 100, 99 chanzo chake ni mbwa. Maziwa mabichi hubeba brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Mayai ya mbu aina ya Aedesi wanaobeba Homa ya Bonde la Ufa hulala kwenye udongo mkavu miaka kadhaa yakingoja mafuriko. Nguruwe ana milango ya kuingilia mafua ya ndege na mafua ya watu kwa pamoja, kwa hiyo ndani ya mwili wake virusi viwili vinaweza kuchanganya vinasaba na kutoa cha tatu ambacho hakuna mwenye kinga dhidi yake.

Kinachosahaulika ni kwamba kuvuka si kazi rahisi kwa kimelea. Mara nyingi kinaingia kwa mtu mmoja na kufia humo, kwa sababu chembe za mwili wa binadamu hazikifai, au kwa sababu hakikupata njia ya kutoka kwenda kwa mtu wa pili. Lakini kila mnyama mgonjwa anayeguswa, anayekamuliwa, anayesafirishwa au anayechinjwa ni jaribio jingine. Majaribio yakirundikana, moja litafaulu. Ndiyo maana muda unaopita kati ya mnyama wa kwanza kuugua na mtu wa kwanza kusema ndio ninaoupigania katika barua hii. Katika muda huo hakuna chanjo itakayotusaidia wala karantini, kwa kuwa hakuna ajuaye kwamba kuna kitu.

Tazama yaliyotokea Malaysia. Mwishoni mwa mwezi Septemba 1998, karibu na mji wa Ipoh, wafugaji wa nguruwe walianza kuugua homa na kuvimba ubongo. Nguruwe wao nao walikuwa wanaugua, tena kwa namna isiyojificha: walikohoa kwa sauti kubwa ya kubweka, iliyosikika mbali na banda. Serikali iliamini ni ugonjwa wa ubongo wa Kijapani, ambao huenezwa na mbu, nguruwe wakiwa hifadhi ya virusi. Watu wakachanjwa, vijiji vikapigwa dawa ya mbu. Lakini dalili za kupinga imani hiyo zilikuwa wazi machoni pa walioishi hapo. Ugonjwa ule wa Kijapani hushika zaidi watoto. Hapa walioanguka walikuwa wanaume watu wazima, wenye kushika nguruwe kwa mikono yao. Waliochanjwa waliendelea kufa. Na majirani wasiofuga nguruwe, wanaoumwa na mbu walewale jioni ileile, hawakuugua. Mbu hachagui nyumba kwa kazi ya mwenye nyumba.

Wakati huohuo wafugaji walifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye deni na banda linalougua angefanya: waliuza haraka. Malori yakabeba nguruwe kuelekea kusini, Negeri Sembilan, na kirusi kikapanda malori. Wengi wa waliokufa walikuwa huko kusini. Mwezi Machi 1999 wachinjaji 11 wa Singapore, waliopokea nguruwe kutoka Malaysia, waliugua na mmoja akafa. Ni mwezi huo ndipo ilipothibitika, kutokana na kazi ya Dkt. Kaw Bing Chua, kwamba ni kirusi kipya kabisa, ambacho baadaye kiliitwa Nipah. Malaysia ilihesabu wagonjwa 265 na vifo 105, na takribani nguruwe milioni moja waliuawa. Chanzo kilikuwa popo wala matunda: miembe ilipandwa kandokando ya mabanda, popo wakala usiku, na vipande vya maembe vyenye mate yao vikaanguka miguuni pa nguruwe.

Nimekuwa nikiwafikiria sana wale wafugaji waliouza. Ni rahisi kuwalaumu ukiwa mbali. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapo kifo kiliwaumbua kweli. Lakini swali langu ni hili: ni nani aliyewapa sababu ya kutoficha? Nani aliwaambia mapema, kwa maneno yanayoaminika, kwamba nguruwe anayekohoa akiripotiwa leo atalipiwa juma hili? Kama ahadi hiyo ingekuwepo na ingetimizwa tangu Oktoba, naamini malori yale yangebaki yameegeshwa.

Mfano wa pili unatoka New York, na huu unauma kwa namna tofauti, kwa sababu pale aliyeona hakunyamaza. Tarehe 23 Agosti 1999 Dkt. Deborah Asnis, daktari wa magonjwa ya kuambukiza katika hospitali moja ya Queens, alipiga simu idara ya afya ya jiji kwa sababu ya wagonjwa wake wawili wenye homa, kuchanganyikiwa na misuli kulegea. Simu hiyo ilifungua uchunguzi wote. Mwanzoni mwa Septemba ikatangazwa kwamba ni ugonjwa wa ubongo wa Saint Louis, nao ni wa mbu. Jiji likaanza kunyunyiza dawa.

Lakini tangu kabla ya hapo kunguru walikuwa wanaanguka na kufa mitaani. Katika bustani ya wanyama ya Bronx, daktari wa kuchunguza mizoga, Tracey McNamara, alipasua kunguru mmoja baada ya mwingine na kukuta damu imevuja ubongoni na moyo umeharibika. Baadaye ndege wa bustani yenyewe wakaanza kufa, wakiwemo heroe. Alijua kwamba ugonjwa wa Saint Louis huishi ndani ya ndege bila kuwaua. Alijua pia kwamba kama ungekuwa ule ugonjwa mwingine wa ubongo unaowaua farasi na ndege mashariki mwa Marekani, emu wake, ndege wakubwa mfano wa mbuni, wangekuwa wa kwanza kufa, na emu walikuwa wazima wanakula. Kwa hiyo jibu rasmi halikuwa sahihi, na ushahidi ulikuwa kwenye meza yake ya chuma. Alipiga simu. Upande wa afya ya binadamu haukuona uhusiano. Akatafuta njia nyingine, akapeleka sampuli kwenye maabara ya wanyama ya serikali na kwenye maabara ya jeshi, na mwishoni mwa Septemba ukweli ukajulikana: kilikuwa kirusi cha West Nile, ambacho hakikuwa kimewahi kuonekana katika bara la Amerika. Mwaka huo watu 62 waliugua vikali na 7 wakafa. Baada ya miaka michache kirusi kilikuwa kimeshafika pwani ya Pasifiki, nacho hakijaondoka mpaka leo.

Yule mama hakukosa elimu, hakukosa vifaa, wala hakuogopa. Kilichokosekana ni mtu wa upande wa pili ambaye kazi yake ilimtaka apokee simu ya daktari wa wanyama na kuitendea kazi. Huo ni uamuzi wa kiofisi tu, Mheshimiwa, wala hauhitaji uvumbuzi.

Uholanzi nao walilipia jambo la jirani na hilo. Kuanzia mwaka 2005 mashamba ya mbuzi wa maziwa yalikumbwa na mimba kutupwa kwa wingi kwa sababu ya homa ya Q. Mwaka 2007 watu wakaanza kuugua katika mkoa wa Noord-Brabant, na kufikia 2010 wagonjwa walioandikishwa walizidi 4,000. Kuripoti mimba hizo kulifanywa kuwa lazima mwaka 2008, na mwishoni mwa 2009 ikaamuliwa mbuzi wenye mimba katika mashamba yaliyoambukizwa wauawe; zaidi ya 50,000 waliuawa. Katika miaka yote ya mwanzo madaktari wa watu hawakuwa na orodha ya mashamba yenye ugonjwa, kwa kuwa majina ya wafugaji yalilindwa kama siri. Mimi natetea ulinzi wa mfugaji, lakini ulinzi ule uliwekwa mahali pasipo pake. Jina lake lifichwe kwa wanunuzi na magazeti. Daktari anayemtibu jirani yake apewe habari siku hiyohiyo.

Nisije nikaonekana nasimulia misiba peke yake. Tunao ushahidi wa nini hutokea wafugaji wanaposikilizwa, nao ni mkubwa kuliko wote: sotoka. Ugonjwa huo ulipoingia Afrika mwishoni mwa karne ya 19 uliua ng'ombe kiasi kwamba jamii nzima zilikufa njaa. Mwaka 2011 ulitangazwa kutokomezwa duniani, ugonjwa wa pili katika historia baada ya ndui kufutwa na mikono ya binadamu. Chanjo ya Walter Plowright ilikuwa nzuri, na baadaye ikatengenezwa ile inayostahimili joto, isiyolazimika kukaa kwenye friji. Ila chanjo hiyo ilifika sehemu za mwisho, zile zisizo na barabara na zenye vita, kwa sababu wafugaji wenyewe walifundishwa kuchanja, na kwa sababu wataalamu walikaa chini na wazee wa mifugo wakawauliza: ng'ombe wameugua wapi, lini, na kwa dalili gani? Majibu yao ndiyo yaliyochora ramani. Mlipuko wa mwisho kujulikana ulikuwa mwaka 2001, kwa nyati wa Hifadhi ya Meru nchini Kenya. Miaka michache baadaye, katika mlipuko wa Homa ya Bonde la Ufa wa 2006 na 2007, wafugaji wa kaskazini mashariki mwa Kenya waliona mvua isiyo ya kawaida, mbu wengi kupita kiasi na mimba zikitupwa zizi baada ya zizi, kabla hospitali hazijathibitisha mgonjwa wa kwanza. Elimu ilikuwepo. Haikuwa na pa kwenda.

Najua hoja zinazotolewa dhidi ya fidia, maana nimezisikia mikutanoni. Ya kwanza ni kwamba watu watadanganya, wataleta mizoga ya zamani, hata watawaambukiza wanyama wao kwa makusudi. Dawa yake iko katika namna ya kulipa. Mnyama aliye hai siku ya kuripoti alipiwe karibu na bei ya soko, isizidi. Aliyekwisha kufa alipiwe kidogo au asilipiwe kabisa. Hapo faida iko kwa anayesema mapema, na anayengoja anapoteza kila siku. Malipo yatoke ndani ya siku chache. Fidia inayokuja baada ya mwaka haibadilishi uamuzi wa mtu ambaye watoto wake wanakula leo.

Hoja ya pili ni gharama. Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Dunia imeona mara nyingi mno jinsi mlipuko unavyokula fedha ukishaenea, na baada ya UVIKO-19 hakuna waziri wa fedha anayeweza kusema hajui. Mwaka 2022 ulianzishwa Mfuko wa Majanga ya Magonjwa chini ya Benki ya Dunia, shirika lako likiwa mshauri wake wa kitaalamu. Mfuko huo unasaidia maabara, ufuatiliaji wa magonjwa na mafunzo ya wataalamu, na ni vizuri. Naomba sehemu yake itengwe wazi kwa ajili ya fidia ya haraka katika nchi zisizo na uwezo wa kulipa. Maabara nzuri isiyoletewa sampuli ni jengo tu.

Fidia ya mifugo, hata hivyo, haimgusi mtu asiye na mifugo. Mwezi Machi 2024 huko Marekani ilithibitishwa kwamba mafua ya ndege ya H5N1 yameingia kwa ng'ombe wa maziwa, jambo ambalo wengi wetu hatukulitarajia. Virusi vilijaa kwenye kiwele. Maziwa yalibadilika yakawa mazito na ya manjano, na paka wa shambani walioyanywa mabichi walikufa. Wa kwanza kuyaona hayo walikuwa wakamuaji, na baadhi yao wakapata wekundu wa macho, kwa sababu maziwa huruka kuelekea usoni pale mashine inapofungwa na kufunguliwa. Mkamuaji ni kibarua. Akisema jicho linamuuma, akapimwa na kukutwa na kirusi, atakaa nyumbani, na kama siku hizo hazina mshahara, au kama hana karatasi za kuishi katika nchi ile, utamlaumu vipi akinywa dawa ya maumivu na kurudi kazini? Kwa mtu huyo ulinzi maana yake ni siku za ugonjwa zenye malipo, na uhakika kwamba kupimwa hakutamfikisha polisi.

Wapo pia wanaotaka tuanzie kwa wanyama pori, na kila mlipuko huleta watu wenye mienge na bunduki. Kitaka, nchini Uganda, popo wa mgodini waliangamizwa baada ya wachimbaji kuugua Marburg, homa kali iliyo jamaa ya Ebola, mwaka 2007. Popo wengine walirudi kuujaza mgodi, na walipopimwa, walioambukizwa walikuwa wengi kwa kiwango kuliko awali. Mwaka 2012 Marburg ikazuka tena eneo hilohilo. Popo akiachwa msituni ni salama kwetu. Ukimfuata au kumkatia msitu, unamleta.

Tena safari si ya upande mmoja. Mwaka 2020 virusi vya UVIKO-19 vilitoka kwa wafanyakazi vikaingia kwa minki wanaofugwa Denmark kwa ajili ya manyoya, vikabadilika humo, vikarudi kwa watu. Sokwe na nyani wakubwa hufa kwa mafua ambayo mtalii huyaona ni kikohozi tu. Mnyama naye ana haki ya kulindwa na sisi, na nasema hivyo kwa moyo wote, hata kama hakuna kifungu cha mkataba kinachonilazimisha.

Sasa nije kwenye lililo mikononi mwako zaidi kuliko mwa mtu mwingine yeyote. Adhabu inayompata mfugaji anayesema ndiyo hiyohiyo inayozipata nchi. Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini waligundua aina mpya ya kirusi cha UVIKO-19 na serikali yao ikaripoti kwenu upesi, kama Kanuni za Afya za Kimataifa zinavyotaka. Ndani ya siku chache nchi nyingi zilizuia safari za ndege kutoka kusini mwa Afrika, ingawa kirusi kilikuwa tayari kimeshafika mabara mengine. Shirika lako lilipinga, na tunalishukuru, lakini makatazo yaliendelea. Mwaka 2007 Indonesia ilizuia sampuli zake za H5N1 kwa sababu iliona inatoa virusi, kampuni zinatengeneza chanjo, na wananchi wake hawataweza kuinunua. Wengi walikasirika. Mimi naona hesabu ileile ya mfugaji wa Ipoh: nikitoa, nitapata nini zaidi ya hasara?

Mei 2025 nchi wanachama zilipitisha mkataba wa kukabiliana na majanga ya magonjwa, na ndani yake kuna kifungu kizima kuhusu Afya Moja, yaani kushughulikia afya ya watu, wanyama na mazingira kwa pamoja. Kiambatisho cha kugawana vimelea na faida zitokanazo navyo kiliachwa kijadiliwe peke yake. Nakusihi mazungumzo hayo yasiishie kwenye chanjo na dawa zitakazorudi kwa nchi iliyotoa sampuli. Ndani ya nchi hiyo yupo mtu aliyeinama juu ya mzoga wa kwanza, na faida ikiishia wizarani, yeye mlipuko ujao atanyamaza.

Ninayoyaomba, basi, ni haya. Unapokagua utayari wa nchi, ofisi yako iulize kwa maandishi: mfugaji aliyeripoti mara ya mwisho alilipwa baada ya siku ngapi? Jibu lichapishwe, nchi kwa nchi. Kila wizara ya afya iwe na ofisa anayejulikana kwa jina, mwenye wajibu wa kupokea taarifa za madaktari wa mifugo na kuzijibu ndani ya saa 24, muda uleule ambao nchi hupewa kukuarifu wewe. Mwenzako wa Shirika la Afya ya Wanyama Duniani na yule wa Shirika la Chakula na Kilimo wasimame nawe kulitangaza hilo, maana peke yako hutaweza kuziamuru wizara za mifugo.

Na katika kila kliniki, mgonjwa mwenye homa isiyojulikana chanzo aulizwe maswali mawili: unaishi au unafanya kazi na wanyama gani, na je, kuna waliougua, kufa au kutupa mimba siku za karibuni? Hayachukui dakika moja. Shirika lako linaweza kuyaweka kwenye miongozo yake mwaka huu huu, bila kusubiri mkataba wala mfuko.

Nitashukuru kupata jibu lako, nalo liwe la wazi kama barua hii, kabla ya Mkutano Mkuu wa Afya kuketi tena Geneva mwezi Mei.

Wako katika kazi,
Daktari wa mifugo